Ufa Katikati ya Jina la Fulgensi

Mwaka 1956, kwa hesabu yake mwenyewe, Ifakara nzima haikuwa na mwashi wa kumfikia Fulgensi. Hesabu hiyo aliifanya peke yake, na leo hukiri kwamba hakuna mwingine aliyeihakiki.

Mwaka huo ilijengwa barabara fupi ya zege ya kuteremkia kwenye pantoni, hatua sitini tangu ghala la mpunga hadi mtoni. Msimamizi wa kazi, kijana aitwaye Donati, alimwahidi kwamba zege likitoka zuri, atamfanya fundi mkuu wa barabara itakayofuata. Kisha akamkabidhi papi kumi na moja, vipande vyembamba vya mbao vilivyopakwa mafuta.

"Kila hatua tano, mzee, simamisha papi moja. Zege likianza kukaza, ichomoe, uache nafasi ya kiungo. Nikirudi kutoka Mahenge tutaijaza lami."

"Niache nyufa kwa makusudi? Mwanangu, mimi nimesakafia kanisa zima, huoni hata pa kupitisha unywele."

"Kanisa lina paa, mzee."

Fulgensi hakuona paa lilihusika vipi. Donati alipoondoka, papi zikaenda nyumbani, na mkewe Natalia akazifanya kichanja cha vyombo. Zege likamwagwa kwa siku tatu, likapigwa mwiko likawa laini kama ugali, bila kiungo hata kimoja. Katikati, kwa ncha ya mwiko, Fulgensi akaandika jina lake, kila herufi upana wa kiganja.

Siku ya tano ufa ulikata barabara kutoka ukingo hadi ukingo. Juu ikabaki FULGE, chini NSI.

Akauziba kwa rojo la saruji. Jua la mchana likaufungua. Akaziba tena, ukafunguka tena, na huko mbele ukazaliwa mwenzake. Akailaumu saruji, akawalaumu vibarua, akayalaumu maji ya mto Lumemo aliyochanganyia. Alipokwisha lawama, akamlalamikia mkewe.

"Baba Katarina," Natalia akasema, "shamba letu la mpunga likikauka linapasuka kila mwaka, hujawahi kulikemea. Zege si tope tu lililopata cheo?"

"Shamba halina fundi."

"Na barabara yako nayo haikuwa naye."

Donati akarudi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Donati akatembea hadi mtoni, akihesabu. Nyufa tisa, zote zimepinda.

"Viungo umeviweka," akasema. "Ila umeviacha vijichagulie mahali. Papi ziko wapi?"

Fulgensi alikuwa ameandaa uongo mzuri wenye wezi ndani yake. Badala yake akasema: "Zinakausha sufuria."

Kwa wiki mbili alipiga magoti na tindo, akinyoosha kila ufa na kuujaza lami moto. Waliosubiri pantoni walimpigia kelele: "Fulge! NSI umeiacha wapi?" Jina hilo fupi halijamtoka mpaka leo.

Ufundi mkuu wa barabara iliyofuata alipewa Viktor, mtu wa Mahenge. Fulgensi alipewa papi. Alizisimamisha zote, akazichomoa kwa wakati wake, na hakuna ufa uliotokea nje ya viungo. Siku ya mwisho Viktor akamwambia aandike jina kama anataka.

Akataka. Lakini kwanza alichukua kamba, akapima kutoka kiungo hadi kiungo, kisha akaliandika katikati kabisa, kwa herufi ndogo.