Lenzi ya Kuingiza Ukoo Mzima

Bukavu mpiga picha za harusi anapimwa kwa urefu wa lenzi yake, kabla hata hajabonyeza kitufe. Ukifika ukumbini na lenzi ndefu, akina mama wa kamati wanakupisha njia, mpishi anakuwekea sahani pembeni, na hata padri anageuza uso upande wako bila kuombwa. Ukifika na lenzi fupi, unaulizwa umealikwa na upande wa bwana ama wa bibi.

Mimi lenzi yangu ya kwanza, ile iliyokuja na kamera, ilifia kazini. Nilikuwa nimeichomoa niifute vumbi karibu na meza ya chakula, mama mmoja aliyekuwa akicheza akanipiga kikumbo cha furaha, lenzi ikatumbukia ndani ya sufuria ya sombe, kisamvu cha mawese. Tuliitoa kwa upawa. Tangu siku hiyo kila harusi niliyopiga ilionekana kana kwamba imefungwa ndani ya wingu, na jua likiwa kali kamera yangu ilinukia mawese mtaa mzima. Mteja mmoja alinisifu kwa mtindo mpya. Wengine hawakusifu kitu. Ilinibidi kutafuta lenzi nyingine, na uwezo wangu ulikuwa wa lenzi moja tu, si mbili.

Wakati huo huo dada mmoja niliyesoma naye masomo ya jioni alikuwa anaolewa. Tulikaa benchi moja mpaka tukapata diploma, yeye akaenda kuuza dawa katika famasi, mimi nikaenda kuwaambia watu watabasamu. Alinifuata nyumbani siku ya Jumapili, akakataa kiti, akakataa chai.

“Sikia,” akasema, “picha zingine upige vile unajua. Lakini iko moja ndio nataka. Papa mukubwa na papa mudogo, pamoja, kwa picha moja.”

Familia yake naijua. Baba yake alifariki tukiwa bado shuleni, akaacha nyumba na kiwanja juu kilimani, Kadutu. Kaka yake na mdogo wake, yaani baba mkubwa na baba mdogo wa rafiki yangu, wakagombana juu ya kile kiwanja mpaka wakaacha kusalimiana. Walikuwa wakikutana njiani, mmoja anaanza kuchunguza viatu vyake, mwingine anaanza kutazama mawingu. Nadhani hakuna watu wawili Kivu nzima waliojua viatu na mawingu kuliko wale wazee. Sasa baba mdogo ndiye aliyekuwa mkuu wa kamati ya harusi, na baba mkubwa alikuwa ametangaza kwamba katika ukumbi ule hatakanyaga. Atafika nyumbani asubuhi, bibi harusi anapotolewa ndani, atambariki, kisha atarudi kwake.

“Basi haina shida,” nikamwambia. “Nitapiga kila mutu kwake, kisha nitawabandika na kompyuta. Hakuna mutu atajua.”

“Mimi nitajua.”

“Lakini itaonekana muzuri kabisa.”

“Wewe unanielewa?” Hapo ndipo akakaa. “Papa hayuko. Uso ya papa iko kwa wale wawili. Paji iko kwa papa mukubwa, macho iko kwa papa mudogo. Nataka wasimame kweli. Kama ni ya kubandika, nitabandika mwenyewe na gundi.”

Nikamuahidi. Mimi kuahidi sijawahi kushindwa.

Kesho yake nikashuka sokoni Nyawera kwa mfanyabiashara mmoja anayeuza kamera na simu za mitumba. Ni mzee wa Kiislamu mwenye asili ya Uvira, na Kiswahili chake ni cha babu zake waliotoka pwani, kilichonyooka hata ukimsikiliza unajikuta unakaa wima. Alikuwa na lenzi mbili zilizoingia kwenye kamera yangu. Moja ilikuwa ndefu, ya rangi ya kijivu, yenye mpini wa kuishikia. Nyingine ilikuwa fupi, nene kama kopo la maziwa ya unga, na kioo chake cha mbele kimetokeza kama jicho la mtu aliyeshangaa.

“Kijana wangu,” akasema, “usinunue kitu kwa kusimuliwa. Toka nje ujaribu.”

Nikasimama mlangoni na ile ndefu. Mungu wangu! Nilimwona mpakizi wa unga kule mwisho wa soko, nikaona jasho limesimama kwenye nyusi zake likifikiria kama lianguke ama lisianguke. Nikainua kidogo, nikafika vilima vya Rwanda ng'ambo ya mto Ruzizi. Kulikuwa na mbuzi. Kama yule mbuzi angefungua mdomo ningewaambia meno yake ni mangapi. Halafu, na hili ndilo lililonimaliza, vijana wa pikipiki wa pale stendi wakaanza kujipanga wenyewe mbele yangu wakirekebisha kola.

“Eeh, kubwa!” mmoja akaniita kibosi, mikono juu kama mbele ya bunduki. “Hiyo unapigaka picha ama unapigaka masasi?”

Ile fupi niliijaribu kwa adabu tu. Ilimeza Nyawera yote kwa mara moja: soko, stendi, mwavuli wa mama wa maharage, na chini kabisa vidole vya miguu yangu mwenyewe. Lakini watu wote walikuwa wadogo kama dengu, na wale wa pembeni walikuwa wamevutwa, wamepanuka mabega na mashavu. Mwalimu wetu wa fizikia wa masomo ya jioni aliwahi kutuchorea jambo hilo ubaoni kwa mwanga wa simu, umeme ukiwa umekatika kama kawaida yake, akasema mwanga unaoingia kwa pembeni hulipa ushuru. Nikairudisha.

“Naona moyo wako uko wapi,” mzee akasema, akiipangusa ile ndefu.

“Iko pale pale, mzee. Lakini nataka kwanza nifike na hii kwa watu wa harusi.”

Akanipa, nami nikamwachia kadi yangu ya mpiga kura, ambayo hapa kwetu ndiyo mtu mwenyewe. Bila ile kadi wewe ni uvumi tu.

Mahesabu yangu kichwani yalikuwa rahisi. Lenzi ndefu inataka umbali. Picha ya ukoo si tatizo, mtu anarudi nyuma mpaka wote waingie. Nilisahau kwamba niko Bukavu, ambako nyuma hakuna.

Nilipanda ngazi za udongo hadi kile kiwanja. Nyumba imesimama imeegemea kilima. Mbele yake kuna uwanja mdogo, upana wa mkeka mmoja na nusu, kisha mstari wa mifuko ya mchanga iliyopangwa kuzuia udongo usiteremke, kisha hewa. Chini ya ile hewa kuna bati la nyumba ya jirani. Rafiki yangu akasimama mlangoni, mimi nikarudi nyuma mpaka kisigino kikagusa mfuko wa mchanga. Nikatazama ndani ya kamera. Niliona pua yake. Pua nzuri, kali kabisa, kila kitundu mahali pake. Ukoo haukuwemo.

“Naonekana?” akauliza.

“Sehemu yako inaonekana.”

“Na papa mukubwa atasimama wapi?”

Nikageuza kamera kwa wima, nikachuchumaa, nikajaribu kupigia kupitia dirisha la chooni. Nikapata pua na sikio. Toka chini jirani akatoa kichwa: “Weye wa juu! Ukianguka kwa mabati yangu, utayanunua yote!”

Rafiki yangu hakucheka. Alikuwa ananitazama kwa namna ileile aliyomtazama nayo mwalimu wa hesabu alipokosea ubaoni, kwa subira na bila huruma.

“Kama hawaingii hapa,” akasema, “haiko mahali pengine. Hatafika kwa ukumbi. Unajua.”

Nilijua. Ni kweli pia kwamba niliteremka zile ngazi nikiikumbatia ile lenzi ndefu kama mtu anayerudisha mchumba kwa wazazi wake. Nyawera nikamwambia mzee nataka ile fupi. Akanitazama juu ya miwani.

“Umekosana na ile?”

“Hapana, mzee. Inaona mbali sana. Watu wangu wako karibu.”

Tukapatana, akanirudishia kadi, nikawa mtu tena. Pale stendi wale vijana wakaniona na lile kopo kifuani. “Kubwa! Imenyolewa?” “Hapana, iliingia kwa maji, imesinyaa!” Nilicheka nao, kwa sababu ningefanya nini kingine.

Asubuhi ya harusi ukoo ulikuwa umejaa ule uwanja mpaka kwenye ngazi. Shangazi mmoja mwenye sauti ya tarumbeta ndiye aliyekuwa anapanga watu. Bibi harusi akatolewa ndani, akasimamishwa katikati kando ya bwana harusi, macho chini, uso umekunjwa kama inavyotakiwa, maana bibi harusi anayecheka mlangoni kwao anaonekana amechoka na wazazi wake. Baba mkubwa alikuwa amesimama mwanzo kabisa wa mstari, mkono wangu wa kushoto. Baba mdogo alikuwa mwisho kabisa, kulia, karibu na pipa la maji. Katikati yao kulikuwa na ukoo mzima na miaka ya viatu na mawingu.

Nikapanda juu ya mifuko ya mchanga. Nikatazama. Waliingia wote! Waliingia na paa, na pipa, na kipande cha ziwa kilichochungulia nyuma ya migomba. Lakini bega la baba mkubwa lilikuwa limevutwa mpaka limekuwa la ng'ombe. Nikaona ni heshima kumwambia, na wazee wetu lenzi huiita objektifu.

“Papa, musikae pembeni sana. Hii objektifu inavutaka mutu wa pembeni. Inamufanya munene.”

Baba mkubwa akafikiri.

“Inanenepesha?”

“Ndiyo, papa.”

“Kiasi gani?”

“Kama nusu ya mutu.”

Nilitegemea akimbie. Lakini nani Bukavu amewahi kukimbia unene? Picha ya harusi inakaa ukutani maisha yote, na kila mgeni anaisoma: huyu alikula vizuri, huyu alikuwa na shida. Baba mkubwa hakusogea hata kidogo, isipokuwa kuelekea pembeni zaidi. Na lile neno likasafiri kwenye mstari kwa kasi ya habari ya pombe ya bure. “Kule mwanzo inanenepesha!” Shangazi wa kwanza akatoka katikati. Wa pili akamfuata. Binamu mmoja mwembamba kama ufito wa maharage akawapita wote. Upande wa kulia haukuwa na faida yoyote, pale mwisho pipa lilikuwa limeshakula unene wote. Kufumba na kufumbua ukoo mzima ulikuwa umelalia kushoto kama mtumbwi ulioingia maji, na katikati wamebaki bwana na bibi harusi peke yao kama watu waliokosea mlango.

“Tante!” bibi harusi akaita bila kuinua uso. “Munaniacha?”

Shangazi tarumbeta akageuka na kupiga kelele ambayo nina hakika ilisikika mpaka Kamanyola, mbali kule bondeni. “Kila mutu kwake! Ni harusi ama ni foleni ya unga?” Wakarudi mmoja mmoja, wakinung'unika. Wote, isipokuwa wawili. Baba mdogo naye alikuwa amekuja na lile wimbi, na wimbi liliporudi lilimwacha pale mwisho wa mstari, bega kwa bega na kaka yake. Hakuna aliyetaka kuondoka. Aliyeondoka alikuwa anamwachia mwenzake unene wote.

Uwanja mzima ukawageukia. Hata jirani wa chini nadhani alisimama kusikiliza.

“Sogea,” baba mkubwa akasema, akitazama mbele.

“Sogea wewe.”

“Mimi ndiye mukubwa.”

“Mukubwa tayari uko munene. Unatafuta nini tena?”

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, kisha mwingine, kisha ukoo wote ukapasuka kwa kicheko. Uso wa baba mkubwa ulikataa kucheka, lakini tumbo lilikuwa limeshaanza. Kisigino changu kilikuwa hewani. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, nikabonyeza mpaka kamera ikaomba msamaha.

Bibi harusi hakungoja. Aliinua gauni akaja hadi kwenye mifuko ya mchanga, nikamshushia kamera. Akapitisha kidole kwenye kioo, uso baada ya uso, alipofika kwa wale wawili akaikuza picha. Bado ilikuwa na vichwa viwili. Akaikuza tena, akaisogeza polepole, mpaka lilipobaki paji la mmoja, na kando yake, yameinama kidogo upande wa kaka, macho ya mwingine. Akakaa nayo hivyo.

“Poda, poda!” shangazi akapiga kelele. “Asilie mbele ya kupanda gari!”

“Silii,” akasema. Kisha akanirudishia kamera. “Usiguse kitu hapo.”

Sitawaambia kwamba wazee walipatana siku hiyo. Baba mkubwa alimbariki mtoto, akateremka ngazi akaenda kwake, na ukumbini kiti chake kilikaliwa na kapu la soda. Habari ya kiwanja sijui imefika wapi. Lakini wiki iliyofuata baba mkubwa alinipigia simu akitaka picha yake, kubwa, ya ukutani.

Nikamuuliza, kwa adabu, kama ningemtoa peke yake, maana kompyuta inaweza.

Nilisikia kuku nyuma yake.

“Hapana,” akasema. “Ukimukata yule, utakata na bega yangu. Iache vile iko.”