Mkono Nilioudaka Kwenye Sataranji

Ndugu wasomaji, chekeni tu; mimi mwenyewe nimecheka hadi mbavu zinauma.

Mimi ni dalali wa ng'ombe hapa Garsen. Mnadani, mtu akikunyooshea mkono amekubali bei yako, nawe unaudaka upesi kabla hajageuza nia. Juzi, kwenye fainali ya sataranji, nilicheza na Mwalimu Athmani wa Kipini, mwenye kombe la mwaka jana. Nilifungua kwa kumsukuma askari wa mbele ya mfalme, nikatoa farasi wote wawili mapema. Kufika alasiri, mfalme wake hana pa kukimbilia. Mwalimu akafuta jasho, akaninyooshea mkono.

Niliudaka! Rafiki yangu Galgalo akanibeba mabegani, tukazunguka uwanja, mimi nawapungia watu kama gavana.

Tuliporudi, Mwalimu alikuwa analifunga kombe kwenye leso.

“Mwalimu, si langu hilo?”

“Nilikuomba suluhu, ndugu yangu, ukaikubali kwa furaha. Kwa suluhu, kombe halihami.” Akagusa ubao. “Ungesogeza farasi huyu tu, ningekwisha.”

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Galgalo akainua uso kunitazama.

“Sasa nikushushe?”