Dhamana ya Mama Mkwe

Seremala alikuwa mtu mwenye haya, na haya hizo nusura zimrudishe gerezani.

Kwa hesabu ya wakili wake, kifungo kilikuwa kimekwisha. Kwa hesabu ya gereza, bado. Wakili akafungua shauri mahakama kuu, gereza lieleze linamshikilia kwa sheria gani. Shauri lenyewe lingechukua miezi, kwa hiyo akaambatanisha ombi: wakati jaji analitafakari, mteja wake akasubirie nyumbani.

"Nyumbani wapi?" wakili alimuuliza walipoonana gerezani.

Hapo ndipo Seremala alipoteleza. Tangu afungwe, mkewe alikuwa amehamia kwa mama yake, fundi wa kushona sare za shule. Seremala hakujiona akilala chini ya paa la mkwe, wapishane ukumbini asubuhi yeye na mswaki mdomoni. Akataja chumba chao cha zamani, nyuma ya karakana ya mbao.

Siku ya ombi, wakili wa serikali alisimama ametulia kama mtu aliyeshiba.

"Mheshimiwa, katika chumba hicho sasa anaishi fundi viatu na familia yake. Mwombaji ametudanganya. Tukimwachia leo, kesho tutamtafuta wapi?"

Jaji akavua miwani. "Mwombaji, utakaa wapi?"

Seremala aliinamia ukingo wa kizimba, akaona mbao mbili zimeachana, akatamani mtu ampe nyundo.

"Kwangu!" sauti ikatoka benchi la nyuma.

Mama Mkwe alikuwa amekwisha simama, mkoba kifuani, huku binti yake akimvuta nguo aketi.

"Nawe mama ni nani?"

"Mdhamini wake, mheshimiwa. Ni mkwe wangu huyu. Anaona haya kukaa kwangu, ndiyo maana kaongopa. Mimi nilikwisha mtandikia kitanda."

"Na akitoroka?"

"Huyu? Alikuja siku moja kunitengenezea kitasa. Kazi akaimaliza asubuhi, akaona haya kuaga, akakaa mpaka jua likazama! Mheshimiwa, huyu kumzuia si kazi. Kazi ni kumtoa."

Watu wakaangua kicheko, hata karani akaficha uso nyuma ya faili. Jaji alingoja kimya kirudi.

"Kuona haya si kosa," alimwambia Seremala. "Kuidanganya mahakama ni kosa, na usirudie. Ombi limekubaliwa. Utakaa kwa mama huyu mpaka shauri liamuliwe, na kila wiki utaripoti polisi."

Seremala akainama kushukuru.

Jioni ile mkewe alitangulia kuingia ndani. Yeye akabaki mlangoni na mfuko wake wa nguo, akabisha hodi ambayo hata paka asingeisikia.

"Mheshimiwa kasema ukae kwangu," Mama Mkwe alimwambia bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, "hakusema ukae kibarazani."

Akaingia. Shauri lilikuwa bado, na jaji angeweza kuamua vyovyote. Lakini mkewe alikuwa akiimba chini chini jikoni, na mwanamke huyu alikuwa amesimama mbele ya watu wote kwa ajili yake.

"Mama," alisema, safari hii akimtazama usoni, "leo umenizaa."

Cherehani ikasimama.

"Basi keti, mwanangu," alisema Mama Mkwe, akijifuta macho kwa kipande cha sare. "Usinilize, nitashona mkono mahali pa kola."