Koki ya Hewa na Viatu Vyeupe

Ni mimi niliyekuwa nikifunga koki mapema. Naanza na hilo kwa sababu naijua kalamu yangu: nikiiachia nafasi itazunguka kurasa tatu ikieleza mvua za Tororo, na msomaji atafika mwisho akidhani kosa lilikuwa la mvua. Nilikana kwa miaka saba. Nilikana mbele ya Metroni, mbele ya daktari wa wilaya, na mara moja mbele ya mume wangu, ambaye hata hakuwa ameniuliza.

Siku yangu ya kwanza katika hospitali ya Tororo sikuonyeshwa mgonjwa, nilionyeshwa viatu. Metroni, mama wa Kiingereza mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake, alitupanga mstari, wasichana sita tuliotoka shule za misheni, akatugawia raba nyeupe na kipande cha chaki ya kuzipaka. Kila asubuhi saa mbili angepita kuzikagua. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, lakini alieleweka. “Kiatu chafu, mkono chafu,” alisema. “Mimi hapana taka.” Mwenye doa alirudishwa bwenini mbele ya wagonjwa wote. Nilikuwa binti wa katekista kutoka upande wa Busia, Msamia mwenye cheti na kiburi chake. Niliapa kwamba mimi sitarudishwa.

Niliwekwa katika chumba cha kutakasia vifaa. Wakati huo kutakasa kulikuwa kuchemsha: mikasi na koleo ziliingia sufuriani, zikatokota, zikatolewa. Pamba na vitambaa vya kufungia vidonda havichemshwi vikafaa, kwa hiyo tulivioka katika oveni kama mikate, na mara nyingi vilitoka vimeungua kwa nje na vibichi kwa ndani. Daktari alitaka mtungi wa mvuke, chombo kinachobana mvuke hadi uwe mkali kuliko maji yanayochemka na kupenya kila uzi. Mtungi wa Ulaya ulikuwa umeagizwa, lakini ulikuwa bado katika karatasi. Ndipo akaitwa Fundi Ramadhani.

Fundi Ramadhani alikuwa mtu wa mjini, mzaliwa wa Tororo, ambaye babu yake alifika na misafara akaoa hapo hapo. Alikuwa ametengeneza mabehewa na mabirika ya mvuke ya reli tangu ujana wake. Alikuja na chuma cha birika kuukuu, akakiwekea mfuniko wenye skrubu nane, saa ya kupima nguvu ya mvuke, vali ya usalama juu, na chini kabisa koki ndogo ya shaba. Ilimchukua miezi miwili. Daktari alimwita “injinia” mbele ya wageni na “yule fundi” wageni walipoondoka.

Koki ile ya chini ndiyo iliyokuwa akili ya mtungi wote. Hewa baridi ni nzito kuliko mvuke, hukaa chini. Usipoitoa, saa itakuonyesha ratili kumi na tano kama inavyotakiwa, nawe utaridhika, kumbe ndani ya pamba hamna joto la kuua kitu. Fundi alinifundisha akiwa amechuchumaa peku, suruali ameikunja hadi magotini.

“Binti Nafula, hewa ni kama mgeni aliyekwisha kula. Haondoki kwa kutazamwa. Fungua mlango, ngoja dakika kumi, akishatoka kabisa ndiyo unafunga.”

Na kwa kuwa hakuiamini saa, hata ile aliyoifunga mwenyewe, alibuni kipimo. Alichukua unga wa salfa, ule wa manjano tuliochanganyia dawa ya upele, akautia kidogo katika kichupa chembamba cha kioo. Kichupa kilizikwa katikati ya pamba. Joto likifika, unga unayeyuka na kuganda kama nta. Lisipofika, unga unabaki unga. Kila asubuhi nilipaswa kumpelekea daktari kichupa cha siku hiyo, kama karani anavyopeleka barua.

Sasa nieleze upumbavu wangu. Koki ile, katika dakika zake kumi, haikutoa mvuke peke yake. Ilitema maji ya kutu, mekundu kama udongo wa Mwello, na yaliruka moja kwa moja kwenye viatu vya mtu aliyesimama kuilinda. Moto uliwaka saa kumi na mbili na nusu, mvuke ukapanda karibu saa mbili, na saa mbili Metroni alikuwa mlangoni. Fundi aliniambia nivue viatu, kama yeye. “Miguu inaoshwa, binti. Wewe unaogopa nini?” Nikamwambia sikusoma miaka minane ili nifanye kazi peku kama mchimba mtaro. Alicheka, akasema basi nivae ndoo. Siku ya pili nilirudishwa bwenini mbele ya wodi nzima ya wanaume, na mzee mmoja Mteso akauliza kama nilikuwa nimechinja kuku.

Siku ya tatu nilifunga koki baada ya dakika mbili.

Saa ilipanda vizuri. Viatu vilikuwa vyeupe. Kichupa kilitoka na unga wake mkavu, wa manjano, kama ulivyoingia. Nilikitazama kitambo. Kisha nikawasha taa ya spiriti, nikakishika kwa koleo juu ya mwali, na unga ukayeyuka vizuri kabisa. Nikampelekea daktari. Nilifanya hivyo kwa wiki tano.

Aliyelipa ni mchimba dhahabu wa Tiira, Ouma, mtu mwenye mabega mapana aliyekuja kupasuliwa ngiri. Kidonda chake kilioza. Kikafuata cha mwingine, na cha tatu. Wale wawili walipona upesi. Ouma alilala miezi mitatu, akatoka amekunjika upande mmoja, wala hakuweza tena kuteremka shimoni. Alipoaga alinishukuru kwa kumbadilishia vitambaa kwa mkono mwepesi. Nimewahi kutukanwa na wagonjwa wengi; hakuna tusi ninalolikumbuka kama shukrani ile.

Daktari alifanya uchunguzi. Unga wa vichupa vyote ulikuwa umeyeyuka, kwa hiyo akaona kwamba kipimo cha fundi ni mchezo wa watoto na mtungi wake ni sufuria yenye majivuno. Metroni aliniuliza kama nilifungua koki dakika kumi kila siku. Nikasema ndiyo. Aliandika, nikatia sahihi, kwa mwandiko mzuri wa misheni. Fundi Ramadhani alisimama pale kofia mkononi, akanitazama kidogo, akasema tu, “Mtungi uko sawa, bwana. Mimi najua.” Aliondolewa siku hiyo hiyo. Mtungi wake ulitupwa nyuma ya jiko, ukawa wa kukingia maji ya mvua. Sisi tukarudi kuoka pamba.

Baada ya hapo nilihamishwa mara kadhaa, nikapandishwa cheo kila mara, jambo linaloonyesha jinsi vyeo vinavyotolewa. Hatimaye nikawa sista msimamizi wa zahanati ya Busia, karibu na kwetu, nikitibu watu wa pande zote mbili za mpaka. Wasaidizi wangu niliwakataza viatu vyeupe. Walidhani nina msimamo wa kisiasa. Chuo kikuu nilikwenda baadaye, mtu mzima kati ya vijana, nikaandika insha ndefu juu ya uaminifu wa vipimo na kupewa alama za juu. Nimestaafu mapema kwa sababu ya mgongo, na watu huniita niwaeleze wanafunzi jinsi mashine zilivyoleta maendeleo. Nimechoka kuwaeleza. Mashine huja na akili yake yote; anayeisimamia huja na akili yake, viatu vyake na babu zake. Nikisema hivyo wanaandika “maendeleo” katika madaftari yao.

Imebaki simu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Waingereza. Zahanati haikuwa na simu, ya karibu ilikuwa kituo cha polisi. Askari alikuja kwa baisikeli. “Sista, daktari mpya ya Tororo iko kwa simu. Anangoja.” Nikamfuata hadi kituoni.

Daktari mpya alikuwa kijana, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile. Mtungi wa Ulaya ulikuwa umewasili, alisema, unang'aa, na chini yake una koki. Alihitaji mtu wa kuutunza. Mzee mmoja wa mjini, ambaye sasa alikuwa akiziba masufuria sokoni, ameomba kazi hiyo. Lakini faili lilisema mtungi wake wa zamani uliozesha vidonda, na chini ya maneno hayo palikuwa na sahihi yangu. “Nataka kukusikia wewe mwenyewe, Sista. Nimkatae?”

Nilimpongeza kwa cheo chake. Nilimweleza barabara ilivyoharibika. Nilimweleza kwamba ni zamani, na kwamba faili ni faili. Askari alikuwa akinitazama, nami nilikuwa nikiitazama zahanati yangu kupitia dirisha la kituo, mlango wake niliopaka rangi mwenyewe. Mtu wa kuunganisha simu akaingia kati, kama walivyofanya enzi zile.

“Tororo, Busia, dakika tatu zimekwisha. Mnaongeza?”

Mwenzangu wa Tororo aliniachia mimi nijibu. Ningeweza kunyamaza, waya ungekatika wenyewe.

“Naongeza,” nikasema.

Nikamwambia habari ya koki, na viatu, na vichupa juu ya taa ya spiriti. Sikuomba radhi, sikumwona aliyestahili kuombwa upande ule wa waya. Kisha nikasikia karatasi ikivutwa.

“Jina kamili la huyo fundi,” akasema. “Polepole, nimwandike kazi.”