Kabuti la Baba

Siku ya kuwakumbuka askari wa vita, chifu alizitaka familia zije Garsen na kitu cha askari wao. Mimi nilikuwa na kifungo cha kabuti tu, alichokitunza dada yangu. Baba alirudi kutoka vita vya Burma na kabuti la jeshi. Alipofariki, niliivika kabuti hilo sanamu ya kufukuzia ndege katika mpunga wetu kule kijijini Hewani, na mafuriko yakalibeba.

“Kabuti lenyewe liko wapi, mzee?” chifu aliuliza.

“Lilichukuliwa na mto.”

Dada akanikazia macho. “Sema yote, kaka. Ndege wanajua.”

Nikasema yote. Hakuna aliyecheka. Nilibaki nimesimama, kifungo mkononi. Tangu tumzike baba, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama kwa ajili yake.