Mbeho Niliyomtafsiria Mama

Nilimdanganya mama yangu mara mbili, na mara zote mbili kwa Kigogo.

Huwa naandika simulizi kwenye simu. Siku za kazi napiga msasa makabati kwenye karakana moja Kizota, na kila Jumamosi natuma sehemu mpya kwenye kundi la wasomaji. Simulizi yenyewe ni ya nchi ambayo haipo. Watu wa huko wanapasua miamba kwa kuigusa, wanaponya homa kwa kiganja, na kinachowawezesha ni nguvu ya uhai isiyoonekana. Niliiita mbeho, neno letu la upepo. Kila mtu anazaliwa na yake. Kila muujiza unaipunguza, na haijazwi tena.

"Upepo unaoisha!" Mama alicheka siku ya kwanza nilipomsomea. "We mtoto, hebu toka hapo nje uone kama unaisha."

Alikuwa amehamia kwangu Miyuji kutoka kijijini kwetu Haneti kwa sababu ya moyo. Kiswahili cha sokoni alikimudu, cha kuandikwa kilimchosha, kwa hiyo nilimsomea huku natafsiri. Katika nchi ile yote alimpenda bibi mmoja tu, mponyaji mkaidi aliyewagombeza wafalme. Bibi akiponya mtu, mama ananikatiza: "Imebaki kiasi gani?" Aliuliza kama mtu anayeulizia maji ya ndoo.

Uongo wa kwanza niliusema hospitali. Daktari alieleza kwa muda mrefu, polepole, kwa Kiswahili kilichojaa Kiingereza, akiniangalia mimi: moyo umepanuka, dawa zitamsaidia kupumua lakini hazitaurudisha, ni suala la miezi, kama ana mambo yake ayatengeneze. Akasema, "Mwambie." Nikamgeukia mama nikamwambia ameze dawa, apunguze chumvi, atapona taratibu.

"Mbona yeye kasema mengi?"

"Madaktari hawa wanapenda kuongea, mama."

Alicheka. Daktari naye akatabasamu, akidhani habari imepokelewa vizuri. Hadi leo tabasamu lile linanichoma.

Mama alikuwa na jambo lake moja. Dada yake mkubwa yuko Haneti, na walikuwa hawaongei tangu walipogombania shamba la marehemu baba yao. Alitaka kwenda wapatane uso kwa uso. Habari za simu alizikataa katakata. "Niende sasa au ningoje nipate nguvu?" Na mimi, jamani, nikajibu, "Ngoja upate nguvu." Nilijua haziji. Niliogopa aanguke njiani, na zaidi ya hapo niliogopa aniulize haraka ya nini.

Kisha simulizi ikafika mahali pa bibi kufa. Sheria niliitunga mwenyewe, na wasomaji wangu hawakubali ujanja ujanja. Mbeho ikiisha imeisha. Nikaandika akafa. Lakini Jumamosi hiyo mama alikuwa kwenye mkeka na ungo wake wa choroko, macho kwangu, ulimi wangu ukagoma. Nikabaki natazama kioo cha simu huku natunga: bibi kapata chemchemi milimani, kajaza mbeho yake, kawa kama msichana. Mama akapiga vigelegele. Kwa wiki kadhaa bibi aliendelea kuishi kwa Kigogo huku kwa Kiswahili ameshazikwa.

Jirani yetu, Mgogo mwenzetu, yumo kwenye kundi lile. Asubuhi moja nikiwa kazini alikuja kumjulia mama hali, wakapiga soga, akamsikitikia bibi. Niliporudi nilimkuta mama amekaa kitandani. Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Kumbe bibi alikufa."

Nikaanza kujiumauma, eti sikutaka uumie.

"Nyamaza. Jirani anasema aliambiwa mapema kwamba mbeho yake inaisha. Akaenda kuwaaga ndugu zake, mmoja mmoja, ndipo akafa." Alivuta pumzi, maneno mengi yalishaanza kumshinda. "Yule ulimwambia. Haya, na mimi daktari alisemaje?"

Nikamwambia. Safari hii neno kwa neno, na nililia kuliko yeye. Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Aliuliza tu daktari alisema hayo lini, nikamwambia, akaihesabu miezi iliyopita kwa vidole. Kisha akaniomba nimtafutie gari la kwenda Haneti kesho yake.

Kesho yake hakuweza hata kufika mlangoni. Nikampigia dada yake simu, na yeye ndiye aliyekuja, siku ya tatu, na kuku mkononi. Aliketi kitandani, akamshika mkono, akamwita kwa jina lao la utotoni, akamwambia shamba na ligawanywe anavyotaka yeye. Mama alikuwa hajibu mtu tena. Mama mkubwa akanigeukia akaniuliza kama anasikia.

Nikasema anasikia kila neno. Sikujua. Mpaka leo sijui.