Pikapu Iliyopenda Kukaguliwa

Kwa miaka mingi nimekana kwamba tulipokuwa wadogo nilikuwa nikiiombea pikapu ya Baba izime njiani. Mdogo wangu Hamisi alinituhumu mapema, nikaapa kwa viapo vyote vya Chang'ombe. Leo nakiri. Niliomba kwa dhati kuliko nilivyowahi kuombea mtihani wowote, na alama zangu za hesabu ni ushahidi.

Baba alikuwa akichukua vitanda na makabati kwa maseremala wa Keko na kuwapelekea wateja Mbagala. Siku zisizo za shule mimi na Hamisi tulipanda nyuma, tukalala ndani ya kabati lililolazwa chali, milango yake wazi, harufu ya vanishi mbichi ikitulevya. Kutoka humo hukuuona mji. Uliona mawingu tu, nyaya za umeme, na mara mojamoja kunguru aliyekutazama kama anayekufahamu. Sijawahi kusafiri kwa raha kama ile, hata nilipokuja kupanda ndege.

Kisha, tukikaribia Mtoni, injini ilianza kukosa nguvu. Haikukatika ghafla, ilififia, kama mtu anayesinzia katikati ya hadithi. Baba alisogea pembeni na kusema neno lake: "Wameninyonya."

Alimaanisha wezi wa dizeli. Mfuniko wa tangi ulikwisha kuibwa zamani, na tangu hapo Baba aliziba mdomo wa tangi kwa nailoni ya maua, ile ya kutandika mezani, akaikunja na kuikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kuufungua mpira ule ilikuwa kazi ya subira. Mama, aliyekaa mbele na Baba, alitununulia mihogo ya kuchoma yenye chumvi na pilipili, akatuonya, "Msimsemeshe baba yenu, haitawaka." Tukatafuna kimya, jua likitupapasa migongo, na dunia nzima ikatusubiri.

Baba alichovya kijiti, akakuta dizeli ipo. "Wameanza, wakakimbia," akasema. Akafunga tena, akawasha, tukaondoka kama tuliotoka usingizini. Sie tuliamini gari ile ilipenda tu kukaguliwa.

Sasa Baba amezeeka, na pikapu ni ileile. Bado anabeba vitanda, na bado siku nyingine inafifia. Mafundi wamebadilisha filta, pampu na nozeli, wakaizungusha mtaani, ikaenda vizuri, kisha safarini ikafifia tena. Hamisi, ambaye amegeuka mtu mzima kuliko mimi, akatafuta mnunuzi wa chuma chakavu aje Jumamosi.

"Baba, siku moja itakuzimikia mbele ya lori," alimwambia.

Baba hakubishana, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema ikizima tena, waichukue. Bila pikapu ile angekaa barazani akihesabu wapita njia, na sote tulijua asingeishi muda mrefu.

Nikamsindikiza safari iliyofuata. Ilipofifia, akashuka akinong'ona habari za wezi. Safari hii hapakuwa na mihogo ya kunishughulisha, nikashuka naye. Nailoni ilikuwa imebonyea ndani ya tangi, kama shavu la bibi asiye na meno.

"Baba, hebu fungua polepole."

Alipolegeza mpira, tangi likatoa mvumo mrefu: fyuuu.

"Gesi ya dizeli hiyo," akasema.

"Gesi ingesukuma nje, Baba. Hii nailoni imenyonywa ndani. Pampu inavuta mafuta, hewa haina pa kuingilia, mwisho inashindwa. Ukifungua kukagua, unaipa pumzi."

"Chuo Kikuu ndiko walikokufundisha haya?"

"Walinifundisha ushairi."

"Ndiyo maana umechelewa."

Hapo siku zote za utoto zikajipanga upya kichwani. Siku alizofunga kwa haraka, tulifika bila tabu. Siku alizokaza kwa makini ili tusiibiwe, tulikaa Mtoni. Na gereji kila fundi alianza kwa kufungua tangi, ugonjwa ukatoroka.

Tukanunua mfuniko halisi, wenye kufuli na kitundu cha hewa. Asubuhi iliyofuata Baba akaenda Mbagala peke yake, nami nikabaki nyumbani kwangu nikiitazama simu. Mwanangu naye aliitazama yake. Mtandao ulikuwa umekatika kidogo na sura yake ilikuwa ya mfiwa. Nilimsimulia habari za Mtoni. Akaniuliza kwa nini hatukuita usafiri mwingine. Enzi zile gari likisimama, nasi tulisimama, na kusimama kwenyewe kulikuwa mahali pa kufika. Siku hizi tunafika kila tuendako, tena mapema, na sikumbuki hata njia moja niliyoipita mwaka huu.

Simu ikaita.

"Nimefika," Baba akasema.

"Haikusita popote?"

"Hata mara moja. Nimewahi mpaka mwenye kitanda hajaamka." Nikasikia injini ikiunguruma nyuma yake, imetulia. "Mwambie Hamisi yule wa chuma chakavu asije. Na yeye mwenyewe Jumamosi asipange safari. Nimepata mzigo wa Kijichi, nahitaji mtu wa kunisaidia kubeba."